Jua la Lindi na miguu ya binti yangu

Nafundisha jiografia katika sekondari moja hapa Lindi mjini. Mji wetu umekaa karibu kabisa na nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, Oktoba na tena Februari, jua la mchana hupita juu ya utosi wetu. Siku hizo huwatoa wanafunzi nje, tunachomeka fimbo uwanjani na kungoja kivuli kiishe. Kinaisha kweli, na wanafunzi hushangilia kana kwamba ni mimi niliyekifuta.

Ndiyo maana nilibishana na daktari. Alisema binti yangu, aliyekuwa anakaribia miaka miwili, ana matege yanayotokana na upungufu wa vitamini D, na kwamba sehemu kubwa ya vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Nikamuuliza, Lindi hii hii? Akanijibu, "Mwalimu, jua lipo. Ninachouliza ni mtoto anakuwa wapi lenyewe likiwa nje."

Ofisi ya walimu ilipopata habari ikanipa jina papo hapo: mwalimu wa jua. Tulicheka, lakini kucheka kulipoisha wenzangu wawili watatu walinifuata pembeni kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja na mtoto wake wa kuulizia. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyokuwa nawaambia.

Matege kila mtu ana maelezo yake. Jirani mmoja alisema mtoto alisimamishwa mapema, mifupa haijakaza. Mwingine akasema ni kubebwa mgongoni. Shangazi yangu wa Kilwa alipiga simu akaagiza tumpeleke ufukweni mchana, tumfukie miguu kwenye mchanga wa moto mpaka kiunoni. Mchanga hauna dawa, ingawa nikifikiria vizuri, mtoto anayefukiwa ufukweni angalau mikono na kifua viko juani, na huenda shangazi alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote.

Kliniki walikuwa wameshatueleza kwamba miguu ya upinde kwa mtoto chini ya miaka miwili mara nyingi ni ya kawaida. Akifika miaka mitatu au minne magoti hugeuka yakaelekea kugusana, halafu miguu hujinyoosha yenyewe kufikia umri wa kuanza shule. Kilichotupeleka hospitali hakikuwa upinde peke yake. Mtoto alichelewa kutembea, na alipoanza alitembea kwa kuyumba, akichoka upesi na kulia abebwe. Meno yalichelewa. Utosi ulikuwa bado laini wakati wa wenzake umeshafunga. Na mke wangu akimwogesha aliona vifundo vya mikono vimetanuka, kama mtoto aliyevaa bangili chini ya ngozi. Wageni walikuwa wakivisifia vifundo hivyo: "Mtoto kajaa huyu, mashaallah!"

Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, miguu aliitazama kidogo tu. Alishika vifundo vya mikono, akapitisha vidole kwenye mbavu mahali zinapokaribia mfupa wa kifua, kisha akanishika mkono nami nipapase: vinundu, kimoja kila ubavu, vimejipanga mstari. Akaandika eksirei ya kifundo cha mkono na ya goti, na damu ipimwe kalsiamu, fosfeti na kimeng'enya ambacho hupanda mifupa inapohangaika kujijenga. Halafu akaanza maswali. Mtoto alizaliwa na wiki ngapi? Mama kazi yake ni ya ndani au ya nje? Nani anashinda na mtoto? Nyumba ina ua? Uji wake ni wa unga gani? Anaharisha mara kwa mara? Amewahi kupata degedege? Ana dawa anayomeza kila siku?

Hakuna swali hata moja lililotaja mguu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuulizwa alianguka wapi.

Binti yetu alizaliwa njiti, mwezi wa Mei, wiki ya 32. Hapo daktari akasimama kidogo. Mtoto aliyetimia hupokea takriban asilimia 80 ya kalsiamu yake ya mifupa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Njiti anatoka kabla mzigo haujapakiwa wote. Vitamini D nayo mtoto huzaliwa na ile aliyopewa na mama tumboni, na akiba hiyo haimfikishi mbali, ni majuma machache tu. Kama mama mwenyewe hana, mtoto anaanza maisha na deni.

Sasa mama. Mke wangu ni karani. Hutoka saa moja asubuhi amevaa baibui, bajaji mpaka ofisini, na huko anashinda chini ya feni, nyuma ya dirisha la kioo, mpaka saa kumi jioni. Kioo hupitisha mwanga na joto, lakini ile mionzi ya urujuanimno inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, mionzi ya aina ya B, inaishia hapo hapo kwenye kioo. Daktari hakumwambia avue baibui, na kwa hilo nilimheshimu. Alimwambia tu kwamba mwanamke anayejisitiri na kushinda ndani, akiwa mjamzito au ananyonyesha, ana sababu ya kuulizia vidonge, na kwamba akipata mimba nyingine kwa karibu sana atakuwa amemwazima mtoto wa pili kile ambacho bado hajajirudishia.

Maziwa ya mama yalituchanganya zaidi. Tulikuwa tumemnyonyesha maziwa matupu miezi sita kama tulivyofundishwa, na tulijivunia. Daktari akasema mmefanya vyema, na endeleeni, hakuna kinachoyashinda. Ila kwa vitamini D maziwa hayo ni haba: lita nzima kwa kawaida haifikishi yuniti 80, wakati mtoto wa chini ya mwaka anahitaji yuniti 400 kwa siku. Ndiyo sababu madaktari wa watoto wa nchi nyingi huagiza matone ya vitamini D tangu siku za mwanzo, hata kwa mtoto aliyetimia, na Shirika la Afya Duniani lina maelekezo yake kwa njiti waliozaliwa wadogo sana. Mke wangu akasema, "Lakini matone alipewa!" Kumbe alikuwa anasema yale ya kampeni ya Juni na Desemba. Yale ni vitamini A, ya macho na kinga ya mwili, na hutolewa kuanzia miezi sita. Hii ni herufi nyingine na chupa nyingine. Nimeshakutana na wazazi wengi, wakiwemo walimu wenye shahada, wanaodhani matone yote ni yale yale.

Nifike kwa mama mkwe, maana hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Alikuja kutoka Mtama juma lile lile mtoto alipozaliwa, na bila yeye sidhani kama ningekuwa na binti wa kumwandikia habari. Alishirikiana na mwanawe kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku kwa zamu. Ilikuwa Mei, kusi imeshaanza kuvuma, na upepo wa kusi hapa ghubani unapenya mpaka chini ya mlango. Kazi aliyojipa ilikuwa kumkinga njiti na baridi, na homa ya mapafu, na macho ya watu. Mtoto mdogo kiasi kile, mgeni akimtazama sana, maneno hayakosekani. Kwa hiyo arobaini ilipoisha haikuisha. Madirisha yalifungwa. Soksi, kofia, sweta, shuka. Na kila asubuhi saa moja, jua likichomoza upande wa bahari, bibi alikaa barazani na mjukuu wake amemviringisha, wanaota jua kidogo, kisha wanarudi ndani mpaka kesho.

Jua la asubuhi ndilo ushauri wa pwani yote. Bibi zetu waliusema, na hata baadhi ya wahudumu wa afya huusema. Mimi ndipo jiografia yangu iliponisaidia, maana daktari alinipa kanuni ya kivuli na fimbo nilikuwa nayo tayari. Jua likiwa chini, miale yake hupita mshazari katika angahewa, njia ndefu, na ozoni humeza karibu mionzi yote ya aina ya B kabla haijatufikia. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inapata joto, lakini vitamini D haipati ya maana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, kazi imeanza. Nilipima na wanafunzi wangu. Hapa Lindi mwezi wa Oktoba kivuli cha fimbo hulingana na fimbo yenyewe kwenye saa tatu asubuhi. Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, ni mpaka saa nne na ushee. Saa moja kivuli cha fimbo ya mita moja kinakwenda mpaka kwenye vyumba vya madarasa.

Hii haina maana umlaze kichanga juani adhuhuri. Mtoto wa chini ya miezi sita huungua na kuishiwa maji upesi, na ni kwa sababu hiyo hasa matone yalitengenezwa. Kwa mtoto anayetambaa na kutembea, ni kucheza nje mikono na miguu ikiwa wazi, kofia kichwani, kisha kivulini kabla ngozi haijaanza kuuma. Nilimbana daktari anipe dakika, akakataa. Wingu, nguo, saa na rangi ya ngozi vyote hubadilisha hesabu. Ngozi yetu nyeusi ina melanini nyingi, kinga nzuri dhidi ya kuungua, lakini kinga hiyo hiyo huzuia mionzi, kwa hiyo mtoto wetu anahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mtoto wa Kizungu ili apate kiasi kile kile. Hili halitajwi sana, watu hudhani weusi unatukinga na kila kitu.

Nimwambieje mama mkwe? Kwetu mkwe haendi kumkosoa mama mkwe, hata kuketi naye mkeka mmoja kuna adabu yake. Mke wangu naye alisema hawezi kumwambia mama aliyemwokoa mtoto kwamba alimwotesha jua lisilo na kazi. Tukamchukua tukaenda naye hospitali kwenye marudio. Daktari akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akamsifu kwa mtoto njiti aliyepona, na sifa ile ilikuwa ya haki. Ndipo akamwambia mtoto sasa ameshavuka hatari ya baridi, mifupa inaomba acheze uani na wenzake kabla ya chakula cha mchana. Bibi akafikiri, akauliza swali moja tu: "Na wenye macho?" Daktari akasema, "Wenye macho mtawaombea dua mama, lakini mtoto atoke." Akakubali. Sijui kama mimi ningepata jibu lile.

Kwa kuwa ni ugonjwa wenye jiografia, nilisoma kidogo. Mwaka 1890 daktari mmoja mmisionari, Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi Japani, alikusanya habari za wapi matege yapo na wapi hayapo, akaona yamejaa kwenye miji yenye moshi ya kaskazini na ni adimu penye jua, akapendekeza watoto waoteshwe jua. Mwaka 1919 kule Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto wenye matege kwa taa ya urujuanimno. Kule London miezi ya baridi jua halipandi kiasi cha kuifanyia ngozi kazi yoyote. Nikiishia hapo ningeamini ni ugonjwa wa wao. Lakini kuna Jos, Nigeria, nyuzi 10 kaskazini mwa ikweta, kama sisi tulivyo nyuzi 10 kusini. Huko watoto wanacheza juani na bado matege yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba tatizo lao kubwa lilikuwa kalsiamu: walikula kidogo mno, na waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake.

Ndipo nikaelewa lile swali la uji. Binti yangu alikuwa anakunywa uji wa muhogo, na siku nyingine wa dona, sukari na chumvi kidogo. Muhogo unashibisha lakini kalsiamu yake ni ndogo. Dona ina fitati, ambayo huishika kalsiamu tumboni isifyonzwe vizuri. Vitamini D kazi yake kubwa ni kuisaidia kalsiamu iingie mwilini kutoka kwenye chakula. Kama chakula chenyewe hakina, na vitamini nayo haipo, mfupa unaokua unabaki laini na uzito wa mtoto unaupinda. Na tuko Lindi, penye dagaa! Dagaa walikuwemo ndani, bibi alikuwa anaogopa mwiba. Sasa tunawakaanga bila mafuta, tunawatwanga na mifupa yao mpaka unga, kijiko kwenye uji. Maziwa tunapoyapata. Kiini cha yai, vibua, jodari siku ya mshahara, hivi vina vitamini D yenyewe, ingawa vyakula vyenye vitamini hii kwa wingi ni vichache na mtoto hawezi kuitegemea sahani peke yake. Ufuta wetu usiokobolewa una kalsiamu nyingi, ila nayo sehemu yake hushikwa.

Maswali ya kuharisha na ya degedege tuliyapita haraka, hayakutuhusu. La dawa ya kila siku pia halikutuhusu, lakini nilibaki nalo, kwa sababu ya mtoto wa nyumba ya tatu.

Ana mtindio wa ubongo na kifafa. Haketi mwenyewe. Mtaani wengi hawajui kama yupo, maana mama yake alichoka na maneno akamweka chumba cha nyuma. Anatumia fenobabitoni miaka sasa. Mwaka ule alivunjika paja akigeuzwa tu kitandani, na yakaja maneno mengine, kwamba anapigwa. Dawa za kifafa za zamani, fenobabitoni na fenitoini, hulifanya ini liivunje vitamini D upesi. Mtoto haoni jua, hatembei ili mifupa ikaze, anakula uji tu kwa sababu kutafuna hawezi, na dawa inakula kile kidogo alichonacho. Nikimhesabia daktari nilichokiona, alikuwa anatikisa kichwa. Alisema mtoto wa namna hiyo asiachishwe dawa ya kifafa hata siku moja, degedege litamuua kabla ya mifupa. Aletwe, aongezewe vitamini D na kalsiamu. Kwangu mimi huyu ndiye aliye hatarini kuliko wote mtaani, na ndiye asiyefika kliniki kuulizwa.

Nina pia mwanafunzi mwenye ualbino, na swali langu kwake lilikuwa kinyume. Anavaa mikono mirefu na kofia pana, nami siku zote humweka mbali na dirisha. Je, naye? Daktari akaniambia ngozi yake ina melanini kidogo mno au haina kabisa, kwa hiyo jua kidogo sana lingemtosha kwa vitamini D, lakini saratani ya ngozi ndiyo adui yake wa kweli. Asiambiwe aote jua na mtu yeyote. Chakula, na matone akihitaji. Niliuliza mapema, nashukuru, kwa sababu mwalimu mwenye kanuni mpya ya kivuli ni mtu wa hatari.

Binti yangu alipewa vitamini D ya matibabu miezi mitatu, pamoja na kalsiamu. Kiwango cha matibabu ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha kinga, na siandiki namba kwa sababu nimeona mzazi akinakili dozi ya mtoto wa jirani. Vitamini hii ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu: kutapika, kiu, kufunga choo, mpaka figo kuumia. Halafu chupa hazifanani. Ipo inayotoa yuniti 400 kwa tone moja, na ipo inayozitoa kwa mililita nzima. Soma kibandiko, mwombe mfamasia akuonyeshe kwa mkono wake.

Eksirei ya pili ilionyesha mstari mweupe mwishoni mwa mfupa, mahali ambapo mwanzoni palikuwa pamechanikachanika. Daktari alifurahi kuliko sisi, sisi tulikuwa tunatazama miguu, nayo ilikuwa bado imepinda. Miguu huchelewa. Ilichukua zaidi ya mwaka, na siku niliyogundua imenyooka alikuwa ananikimbia na simu yangu.

Mdogo wake alizaliwa ametimia, na matone alianza mapema. Anayempa ni bibi, kila siku akishamwogesha, kwa sababu sisi wazazi tunasahau na yeye hasahau. Mkubwa saa nne yuko uani. Lakini saa moja asubuhi bibi bado anakaa barazani na kichanga, jua linawapiga usoni. Nilimwomba mke wangu amkumbushe mama habari ya kivuli. Akarudi akicheka: mama anajua, tena anasema jua lile si la mtoto, ni la magoti yake.